Nyumba Imependeza, Je, Ethi Ipo?

Mmepata nyumba Tukuyu. Matofali ya kuchoma, bati jipya, migomba hadi dirishani. Friji mmenunua, pasi mnayo, na kwa baridi ile ya Juni na Julai, hita ya bafuni haikukwepeka. Mambo safi! Ila siku moja mmoja wenu anaoga, anagusa bomba na kusikia kama anatekenywa. Anatoka anacheka, "Bafu letu lina umeme!"

Wapendwa, hapo si pa kucheka. Zimeni meni switchi, hita isiguswe tena, aitwe fundi.

Kwani ethi inafanya nini?

Ni ule waya wa kijani na njano. Umeme ukivuja na kushika bodi la friji au hita, waya huu unaupa njia ya kwenda ardhini badala ya kupita mwilini mwako. Nje ya nyumba umefungwa kwenye fimbo ya ethi iliyopigiliwa chini. Shida ni kwamba nyumba iliyofungiwa umeme wa taa tatu na redio, leo inabeba hita, friji, jagi la kuchemshia maji na chaji kibao. Mizigo imeongezeka, huku nje fimbo ni ileile, na nati yake pengine imeshaliwa na kutu.

Mvua isiwadanganye

Rungwe inanyesha kwelikweli. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wenye unyevu hupitisha umeme vizuri kuliko mkavu. Basi wengi wanajua ethi yao iko poa. Lakini Septemba na Oktoba udongo wa juu hukauka, na fimbo fupi inabaki haina msaada. Na ile chumvi ambayo mafundi wengine humwaga shimoni ili ethi "ishike"? Mvua huisafisha taratibu, na chumvi yenyewe inakula chuma. Fimbo ndefu iliyofika kwenye unyevu wa kudumu ni bora zaidi.

Hesabu ndogo ya wawili

Umeme wa nyumbani ni volti 230. Tuseme fimbo yenu ina ukinzani wa omu 50. Gawanya: 230 kwa 50 ni ampea 4.6. Huo ni kama mzigo wa pasi moja tu. Breka ya ampea 20 haitashtuka hata kidogo, na bodi la friji litaendelea kuwa na umeme mkisubiri mtu aliguse. Kwa hiyo fundi akisema, "Ethi ipo, msiogope," bado hajamaliza kazi.

Kinachokosekana ni RCD, ambayo mafundi wengi bado wanaiita ELCB. Inalinganisha umeme unaoingia na unaorudi. Ikiona upungufu wa miliampea 30, inakata chapchap, kabla mambo hayajawa mabaya. Kwa nyumba yenye hita ya bafuni, hii si anasa.

Vyuma vifungwe pamoja

Kama mabomba yenu ni ya chuma, yaunganishwe kwa waya kwenye sehemu kuu ya ethi. Hivyo bomba na bodi la hita vinakuwa na nguvu moja ya umeme, na ukivishika vyote kwa pamoja mwili wako haugeuki daraja. Mabomba ya plastiki hayahitaji. Ila bomba lisifanywe ndiyo ethi yenyewe: siku likikatwa na kuwekwa kipande cha plastiki, ethi imekwisha.

Na radi? Fimbo hii haizuii radi kupiga nyumba. Mawingu yakikusanyika Mlima Rungwe, chomoeni tivii na friji mapema.

Kabla fundi hajaondoka

• Awe na leseni ya EWURA. "Namjua, ni jirani" haitoshi.
• Apime ethi kwa mita mbele yenu, aandike namba. Kuangalia kwa macho si kupima.
• Ahakikishe kila soketi ina waya wa ethi uliofika.
• Awaonyeshe kitufe cha T kwenye RCD. Kibonyezeni kila baada ya miezi michache, isipokata, ibadilishwe. Lakini jueni kitufe kinapima RCD tu, hakipimi fimbo.

Nani alipe?

Hapa ndipo wapenzi wanaponuniana. Mmoja anataka sofa, mwingine anasema nyumba si yetu. Kaeni na mwenye nyumba, mkubaliane gharama ikatwe kwenye kodi, na iandikwe. Akizungusha, sofa lisubiri. Kama mmoja wenu anashinda Mbeya kikazi wiki nzima, anayebaki na mtoto na hita ile ni mwenzake. Mpangilio wa matumizi ya mwezi huu uanze na usalama wake.