Protini Hushikaje, na Mshiko Wake Hupimwaje? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona kwamba protini ina kijishimo ambamo molekuli ndogo, ligandi, huingia na kushikwa. Leo tuulize: tutajuaje kama imeshikwa sana au kidogo? Maabara huongeza ligandi hatua kwa hatua, kisha hutazama ni katika kiwango gani nusu ya nafasi za protini zimejaa. Kiwango hicho kikiwa kidogo, mshiko ni mkali. Kikiwa kikubwa, umelegea. Kwa himoglobini ya damu kazi hii ni nyepesi, maana rangi yake hubadilika inaponasa oksijeni. Nusu yake hujaa kwenye shinikizo la oksijeni la milimita 27 hivi za zebaki. Mayoglobini, protini ya misuli, huhitaji kama 3 tu.

Msomaji mwepesi wa kuamua atasema basi mayoglobini ndiyo bora. Sikubaliani naye. Mapafuni shinikizo la oksijeni ni kama 100. Kwenye viungo vya mtu aliyetulia, kama 40. Himoglobini hujaa asilimia 97 hivi mapafuni, na ikishapita viungoni hubaki na 75. Mayoglobini ingepewa kazi hiyo ingeshuka kutoka 97 hadi 93 tu: daladala iliyosheheni isiyoshusha abiria. Ubora wa mshiko, kwa hiyo, hauamuliwi na ukali wake bali na kazi iliyokusudiwa.

Wapo watakaopinga kwamba namba moja haiwezi kueleza himoglobini, yenye nafasi nne zinazoathiriana: ya kwanza ikijaa, zinazofuata hujaa kwa urahisi zaidi. Hoja hiyo ni ya haki. Archibald Hill aliipatia mlinganyo mwaka 1910, na kabla yake, mwaka 1904, Christian Bohr na wenzake walikuwa wameonyesha kuwa kaboni dayoksaidi huulegeza mshiko wenyewe. Namba ya nusu isiyotajiwa hali iliyopimiwa haina maana. Lakini hilo ni onyo kwa mpimaji. Kipimo chenyewe hakijabatilika.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba namba hiyo huficha mwendo. Ndani yake zimo kasi mbili, ya kuingia na ya kutoka. Chukua kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu itokayo kwenye jiko la mkaa lililowashwa chumbani milango ikiwa imefungwa. Himoglobini huishika zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ndiyo maana sehemu moja tu katika 1,000 ya hewa, ikivutwa kwa muda wa kutosha, huweza kuteka karibu nusu ya nafasi za damu. Mtu angedhani huingia kwa kishindo. La hasha: huingia polepole kuliko oksijeni, ila kutoka kwake ni kwa taabu mno, maelfu ya mara polepole zaidi. Hata tiba hufuata hesabu hiyo. Mgonjwa akivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu huondoka kwa saa 4 hadi 6. Akivuta oksijeni tupu, kwa saa moja na nusu hivi. Oksijeni haiivuti sumu itoke. Hukalia nafasi kila inapoachwa wazi, na sumu iliyokosa pa kurudi hutolewa na pumzi.