Basi, kiangazi na mfuko wako: safari ya kutoka Nassa hadi Dodoma bila kuugua joto

Pamba ikishauzwa na mvua za vuli zikiwa bado, ndipo watu wengi wa Nassa, Nyashimo na Lamadi wanapanda basi kwenda mbali. Kuna mgonjwa wa kupelekwa Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, kuna harusi Morogoro, kuna kijana anaanza kazi Dar es Salaam. Ndiyo miezi ya Septemba, Oktoba na mwanzo wa Novemba, na ndiyo miezi ambayo safari hiyo inachosha kuliko wakati wowote.

Wasikilizaji wetu huuliza mambo mawili: joto na gharama. Tumeyaweka pamoja kwa sababu ndani ya basi hayatengani. Mtu anayebana hela kwa kutonunua maji anaweza kuja kuilipa hela hiyo hospitali.

Kwanza hewa yenyewe. Tanzania haina jangwa la mchanga, lakini kuanzia Igunga kwenda Singida, Manyoni hadi Dodoma unapita kanda ya nusu jangwa. Dodoma hupata mvua ya kiasi cha milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ukipita Oktoba unakuta miezi kadhaa imekatika bila tone. Kipimajoto cha mchana pale Dodoma husoma wastani wa nyuzi 31 au 32, namba ambayo haimtishi mtu wa Simiyu. Shida iko kwenye ukavu wa hewa, na kwenye bati la basi lililosimama juani.

Sisi wa kando ya Ghuba ya Speke tumezoea hewa yenye unyevu wa ziwa. Ukitoka jasho unaliona, shati linalowa, unajua umepoteza maji. Kule kwenye ukavu jasho linakauka kabla hujaliona. Dirisha liko wazi, upepo unakupiga, ngozi ni kavu, unajiona uko sawa. Kumbe mwili unatoa maji saa baada ya saa. Ndiyo maana mtu anafika Manyoni kichwa kinamgonga na anadhani ni uchovu wa safari.

Suala la kuchimba dawa

Hapa tuseme wazi, maana ndipo tatizo kubwa lilipo. Abiria wengi, hasa akina mama, hawanywi maji safarini kwa makusudi. Sababu tunaijua wote: basi likisimama kwa ajili ya kuchimba dawa, linasimama porini, kichaka ni kimoja, na mwanaume anamaliza kwa dakika moja. Mama mwenye heshima zake anaona bora akae na kiu kutoka Shinyanga hadi Dodoma.

Hilo ni hatari, na kwa mama mjamzito, mzee au mwenye presha ni hatari zaidi. Tunachoshauri ni kunywa kwa mpango badala ya kuacha kunywa. Kunywa vikombe viwili nyumbani kama saa moja kabla ya kupanda, kisha uende choo. Ndani ya basi kunywa mafunda machache kila baada ya nusu saa, usisubiri kiu na usimalize chupa nzima kwa mkupuo. Maji ya kidogo kidogo mwili unayatumia vizuri zaidi. Ya mkupuo mengi yanakimbilia kibofu. Vaa gauni pana au funga kanga mbili, moja itakusitiri. Na mwambieni kondakta mapema, mkiwa wawili au watatu pamoja, kwamba mnahitaji kusimama penye choo. Kondakta akiambiwa na mama mmoja husema "tunakaribia". Akiambiwa na watano husikia.

Ukipata nafasi ya kwenda choo, angalia rangi ya mkojo. Ukiwa wa njano hafifu uko salama. Ukiwa umekolea kama chai ya rangi, ongeza maji.

Anayetumia dawa za kukojoa kwa ajili ya presha au moyo amuulize mhudumu wa afya kabla ya siku ya safari namna ya kuzinywa. Asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Maji yabaridi bila friji

Bibi zetu waliweka maji kwenye mtungi wa udongo na yakawa baridi. Mtungi unavuja kidogo sana kupitia vinyweleo vyake, maji yale ya nje yanakauka, na yakikauka yanachukua joto kutoka kwenye mtungi. Kazi hiyo hiyo unaweza kuifanya kwa dumu la lita tano. Livalishe kipande cha gunia au soksi nzito, lilowanishe, liweke mahali penye upepo na pasipo na jua. Kila kitambaa kikikauka, kilowanishe tena. Kati ya Igunga na Dodoma njia hii inafanya kazi vizuri kwa sababu hewa ni kavu. Ukifika Dar es Salaam haitakusaidia sana, hewa ya pwani imeshiba unyevu na kitambaa hakikauki.

Mwili nao ni hivyo hivyo. Kitambaa kilicholowa shingoni, na maji kidogo kwenye mikono na uso, vinashusha joto kuliko kujipepea na gazeti.

Maji hayo yawe yamechemshwa au yametiwa dawa ya kutibu maji. Tusisahau kwamba mwanzoni mwa 2024 mkoa wetu ulikuwa na mlipuko wa kipindupindu. Kuhara ndani ya basi wakati wa joto ni balaa juu ya balaa.

Hesabu ya nauli

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ndiyo inayopanga nauli ya juu kabisa ambayo basi linaruhusiwa kutoza. Katika viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023, basi la masafa marefu la daraja la kawaida lilipangiwa shilingi 48.47 kwa kilomita, na la daraja la kati shilingi 67.84. Safari ya kilomita 700, ambayo ni karibu sawa na Mwanza hadi Dodoma, ni kama shilingi 33,900 kwa daraja la kawaida na 47,500 kwa daraja la kati. Tofauti ni zaidi ya shilingi 13,500.

Je, inafaa kulipa tofauti hiyo? Kwa kijana mwenye afya, kwa maoni yangu, hapana. Anunue daraja la kawaida, abebe maji na kitambaa chake. Kwa mgonjwa, mzee au mama mwenye mtoto mchanga, ndiyo, lakini kwa sharti moja: uliza kama kiyoyozi kinafanya kazi siku hiyo. Basi la madirisha yasiyofunguka, kiyoyozi kikiwa kimekufa, ni baya kuliko basi la kawaida lenye madirisha wazi. Usimuulize mpiga debe, yeye atakwambia kinagandisha. Muulize abiria aliyeshuka nalo.

Kata tiketi ofisini au kwa mtandao, na hakikisha kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Anayekata tiketi mikononi mwa mpiga debe dakika ya mwisho ndiye anayeuziwa kiti cha nyuma kabisa juu ya injini, kwa bei ya juu.

Njia nyingine ya kuokoa ni usiku. Kwa miaka mingi mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha, lakini tangu 1 Oktoba 2023 safari za saa 24 zimerudi. Ukiondoka jioni unapita Singida kukiwa na ubaridi, unafika Dodoma asubuhi, na hulipi gesti. Beba shuka, maana Singida ina upepo na usiku wake unauma hata wakati wa kiangazi. Uliza kama madereva ni wawili. Kama ni mmoja, mimi ningechagua basi la mchana.

Anayeendelea hadi Dar es Salaam sasa ana treni ya umeme kutoka Dodoma. Ilipoanza safari hizo Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Kwa hesabu ya LATRA basi la kawaida ni kama 22,000, kwa hiyo treni ni ghali zaidi, lakini ndani ni baridi. Kumbuka tu stendi ya mabasi na stesheni ya treni haviko jirani, tenga hela ya bajaji.

Kuhusu kiti. Kutoka kwetu hadi Dodoma, ukipita Bariadi na Maswa au ukipita Mwanza, kwa sehemu kubwa unaelekea kusini au mashariki. Ukiondoka alfajiri, jua la asubuhi linapiga upande wa kushoto, ule wa mlango. Mchana, hasa kati ya Singida na Manyoni, linahamia kulia, upande wa dereva. Jua la mchana ndilo kali, kwa hiyo kaa kushoto. Kwa sababu hiyo hiyo, basi likisimama kwenye mizani ya Njuki au kwa matengenezo, shuka ukae kivulini. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi kumi ndani ya dakika ishirini. Usimwache mtoto amelala ndani hata kama unaenda kununua karanga tu.

Chakula cha njiani basi linaposimama ni ghali na muda ni mfupi. Matobolwa, karanga, machungwa, matango na viazi vilivyochemshwa asubuhi vinatosha. Wali na samaki acha nyumbani; chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, sembuse kwenye basi.

Mtoto mchanga na dalili za hatari

Tabia ya kumvika mtoto kofia ya sufu na kumfunika kitenge gubigubi ili "asipigwe na upepo" inamnyima njia ya kutoa joto. Mvike nguo moja nyepesi ya pamba, mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji, maziwa ya mama yanatosha.

Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, mhamishe kivulini, mlegeze nguo, mloweshe, mpe maji yenye chumvichumvi. Kama huna pakiti ya ORS, changanya lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba, kupata degedege au kuzimia huku mwili unawaka, hiyo si malaria ya kusubiri hadi stendi. Joto la mwili linaweza kuwa limepita nyuzi 40 na linaua. Mwambie dereva asimame. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, wekeni vitambaa vya baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Kisha basi liende moja kwa moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu, Igunga, Singida au Manyoni kutegemea mlipo, na muendelee kumpoza njia nzima.

Kama umetozwa zaidi ya nauli halali, piga picha tiketi yako na namba ya basi kabla hujashuka, kisha piga simu ya bure ya LATRA.