Udi, Kinanda na Sauti ya Tatu

Shingo ya udi wa taarabu ya pwani, ikiwemo ya Malindi na Kilifi, haina vigawanyio. Kidole ndicho kiamuacho sauti. Uzi wa sentimita 60 ukibanwa ukabaki wa 40, hutetemeka mara 3 pale ulipotetemeka mara 2. Ukibaki wa 48, mara 5 kwa 4. Nisbati hizo za namba ndogo ndizo zizaazo ngazi ya sauti zilizopatana kiasili.

Kinanda huigawa oktava, yaani senti 1200, sehemu 12 zilizo sawa. Hivyo sauti yake ya tatu huzidi kwa takriban senti 14. Sikio huvumilia. Lakini sauti ya tatu ya maqamu ya Rasti, ambayo katika mapokeo ya Kiarabu hukaribia senti 350, haina kibonyezo katika kinanda cha kawaida. Mwimbaji akifuatana nacho huipoteza, na hasara hiyo ndiyo kubwa.