'Firewall': Ukuta wa kuzuia moto, si ukuta wa moto

WAFANYABIASHARA wa Mwanjelwa jijini Mbeya wanaujua vema mwendo wa moto. Desemba 2006 soko la Mwanjelwa liliteketea, na Agosti 2017 ikawa zamu ya soko la Sido lililopo eneo hilo hilo. Vibanda vya mbao vinapobanana, moto ulioanza kwa mmoja humfikia jirani yake kabla hajaokoa mali.

Kinachokosekana mahali kama hapo ndicho Waingereza wanachokiita 'firewall', neno lililoundwa kwa kuunganisha mawili: moto na ukuta. Katika ujenzi, huo ni ukuta wa tofali, mawe au zege, usio na matundu, unaotoka msingini hadi kupita paa. Kazi yake si kuzima moto, bali kuuzuia usivuke upande wa pili, ili watu wapate muda wa kutoka na zimamoto wapate muda wa kufika. Baada ya moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, sheria ya mwaka 1667 iliagiza nyumba zijengwe kwa tofali au mawe badala ya mbao.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa kompyuta waliliazima neno hilo. Kwao hakuna moto wala tofali. Ni programu au kifaa kinachokagua taarifa zinazoingia na kutoka, kikiruhusu zinazotakiwa na kukataa nyingine. Hivyo, wakati ukuta wa jengo haupitishi kitu, huu wa kompyuta hufanana zaidi na mlinzi wa getini.

Kwa Kiswahili, wengi husema 'ukuta wa moto'. Tafsiri hiyo inapotosha. Kama 'ukuta wa tofali' ni ule uliojengwa kwa tofali, basi 'ukuta wa moto' ni ule unaowaka. 'Ukuta wa kuzuia moto' ni jina refu, lakini linasema kazi yenyewe.

Kwa maana zote mbili, udhaifu ni ule ule. Mfanyabiashara anayetoboa ukuta ili apitishe waya wa umeme huufungulia moto njia. Vivyo hivyo, anayemtajia tapeli namba yake ya siri amefungua mlango mwenyewe, na hakuna ukuta utakaomsaidia.