Draiva Haiandikwi Bila Kifaa

Mwezi Julai 2019, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiandika draiva ya diski flopi kuwa yatima katika orodha ya watunzaji wa mfumo huo. Msimbo wake ulikuwa bado upo, na kila mtu aliweza kuusoma. Kilichokosekana ni mashine ya flopi: mtunzaji wa draiva hiyo hakuwa tena na hata moja nzima ya kuijaribia. Tukio hilo lapaswa kutufikirisha sisi tunaopenda programu huria, kwa maana tumezoea kuamini kwamba msimbo ukishawekwa hadharani kazi iliyobaki ni ya akili tu. Kwa programu ya kuandikia barua au kupigia hesabu, huenda ikawa kweli. Draiva ni kitu kingine. Ni maarifa juu ya kitu chenye umbo na umeme ndani yake, na asiyekuwa na kitu hicho hawezi kuyapata maarifa hayo wala kuyatunza. Ndiyo maana nasema anayempa mwandishi wa draiva skana, kadi ya michoro au kifaa cha Wi-Fi anachangia sayansi, wala mchango wake si mdogo kuliko wa aliyeandika msimbo.

Tazama kazi yenyewe inavyofanyika. Draiva huandika tarakimu fulani kwenye rejista za chipu, husubiri muda fulani, kisha husoma jibu. Mtengenezaji asipotoa waraka unaoeleza rejista hizo, inabidi zichunguzwe moja baada ya nyingine. Waandishi wa Nouveau, draiva huria ya kadi za NVIDIA, walifanya hivyo kwa miaka: waliiacha draiva ya kampuni iendeshe kadi, wakanasa kila ilichoandika kwenye rejista kwa chombo kiitwacho mmiotrace, wakabadilisha jambo moja na kutazama nini kimebadilika. Draiva yao ilitoka pamoja na kiini cha Linux mwaka 2010. Hiyo ni kazi ya maabara kamili, na maabara haiendi bila sampuli. Tena sampuli yenyewe iwe ile hasa, maana jina la kwenye boksi hudanganya. Kifaa cha Wi-Fi cha TP-Link kiitwacho TL-WN722N kilitoka toleo la kwanza kikiwa na chipu ya Atheros, kisha toleo la pili likaja na chipu ya Realtek. Jina lilibaki lile lile, lakini draiva ya toleo la kwanza haina msaada wowote kwa la pili.

Wapo wanaosema mzigo huu ni wa makampuni: yatoe nyaraka, wala raia wasichangishwe vifaa. Madai hayo ni ya haki na yaendelee. Mwaka 2007 AMD ilianza kutoa nyaraka za kadi zake za michoro, na draiva huria zikanufaika sana. Lakini waraka hueleza chipu ilivyokusudiwa kuwa, na chipu iliyotoka kiwandani huwa na kasoro zake zinazoonekana tu inapowashwa. Isitoshe, toleo jipya la kiini cha Linux hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na badiliko lililofanywa mahali pengine kabisa laweza kuvunja draiva iliyokuwa nzima jana. Kuna pia vifaa ambavyo kampuni imekwisha kuviacha. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba zilizomo katika shule na ofisi zetu hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa mashine hizo Linux ni njia ya kuendelea kuishi, ilimradi printa na skana zilizounganishwa nazo zipate draiva. Hapo anayefaidika na msaada wa kifaa ni mwalimu na karani, si kampuni.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kifaa peke yake mara nyingine hakitoshi, na hilo ni kweli. Kuanzia kizazi cha pili cha kadi za Maxwell, mwaka 2014, NVIDIA ilidai sehemu muhimu za chipu ziendeshwe kwa programu ya ndani yenye sahihi yake ya kidijiti, na Nouveau ikashindwa kuzipandisha kasi kadi hizo. Shehena nzima ya kadi isingefungua mlango huo. Vilevile kumtumia mtu mzigo ambao hakuuomba ni kumhamishia takataka. Mradi wa OpenBSD umelitatua jambo hili kwa busara: huweka hadharani orodha ya vifaa ambavyo waandishi wake wanavihitaji, ili mtoaji ajue nini kinatakiwa na nani anakitaka.

Kwa hiyo, ukiwa na kifaa ambacho Linux haikitambui, usikitupe kwanza. Kichomeke, endesha amri ya lsusb au lspci, nakili namba za utambulisho na toleo lililoandikwa kwenye kibandiko, kisha mwandikie mtunzaji wa draiva inayohusika umuulize kama anakihitaji. Gharama za posta na ushuru zikizidi thamani yake, jitolee kumfanyia majaribio hapo ulipo na kumtumia matokeo. Akikubali kukipokea, kifunge pamoja na chaja na kebo zake.