Sushi ya Saa Nne Usiku

Kuna wasee bado wanadhani restoranti za Kiasia za Westi na Gigiri ni za wadosi na watu wa ubalozi pekee. Saa moja jioni hawajakosea. Bili ya meza ya watu wawili inaweza maliza rent ya bedsitter Githurai, na mrudi kejani bado mkiwa na njaa. Lakini hebu panda hiyo lifti saa nne usiku, Ijumaa ya endi mwezi. Taa zimeshushwa, dijei anaingiza amapiano mos mos, na weita anakuletea menyu ingine, ile ya karatasi moja. Hiyo ndio hepi awa ya usiku, na kuna mbogi hazijawahi ona menyu ile kubwa.

Si ati mdosi wa joint ameamka na roho safi. Piga hesabu. Watu wa kudishi na familia wanamaliza saa tatu, saa nne wako kwa parking. Watu wa klabu hawaonekani mpaka saa sita. Hapo katikati masaa imekufa: mpishi bado yuko jikoni, mchele wa sushi ushapikwa, dijei analipwa, na meza ni tupu. Na meza tupu ndio inafukuzanga watu wa sherehe. Msee akifika apate viti pekee, anarudi na lifti ileile. Sasa wanashusha bei ndio mjaze pale ndani, mpige luku, mpige mapicha, na wale wa chupa za bei wakiingia saa sita wapate kumeshawaka. Nyinyi ni fanicha, tuseme ukweli. Lakini fanicha imedishi vizuri kwa bei ya chini, hakuna mtu ameumia.

Kuna mambo ya leseni pia. Sheria ya pombe ya 2010, ile wasee walibatiza ya Mututho, inasema baa ya kawaida ifunge saa tano usiku. Leseni ya klabu ndio inatoka saa moja jioni mpaka saa tisa usiku. Ndio maana hii ofa ya usiku utaipata kwa joint yenye ni restoranti na klabu kwa wakati mmoja.

Na hii form ya kudishi na kudensi chini ya paa moja haikuzaliwa Westi. Paris walikuwa na Buddha-Bar tangu 1996, na dijei Claude Challe akaifanya ijulikane dunia nzima kwa muziki kuliko chakula. New York wakafungua Tao mwaka wa 2000, kwa nyumba yenye zamani ilikuwa stebo ya farasi, halafu sinema. Mwaka wa 2005 hao wa Tao wakaingia Las Vegas, ndani ya hoteli ya Venetian, restoranti na klabu pamoja. Kote huko kuna sanamu kubwa ya Buddha inaangalia watu wakikata maji. Mi hiyo haijawahi niingia. Hiyo ni dini ya watu, na sioni mtu akifungua klabu hapa Nairobi aweke msalaba wa futi kumi juu ya kaunta.

Hapa kwetu nenda ucheki Inti, floor ya 20 pale One Africa Place, Westi. Msosi wao ni wa Nikkei, yaani upishi wa Wajapani walioanza kuhamia Peru mwaka wa 1899, wakachanganya samaki wao mbichi na ndimu na pilipili za kule.

Sasa, nikuchanue. Wasee wengi wanakimbilia kokteli, ile inatoa moshi ka nganya mzee, na hapo ndio wanachezwa. Barafu imejaa glasi, keroro yenyewe ni kidogo, na bado hiyo bei ya nusu inashinda bia mbili za mtaani. Weka chapaa kwa sahani. Gyoza, tempura, edamame, roli za sushi: hizo ndio vitu huwezi pata kwa bei hiyo saa moja jioni. Samaki mbichi nayo uliza imeingia lini. Weita akianza kuangalia dari, chukua ya kukaangwa.

Na usiogope vijiti. Kuna manzi nilimwona kwa kaunta akipigana na kipande moja mpaka kikaruka kwa bakuli ya soya, blauzi nyeupe yote ikaharibika, na msee wake anajifanya anasoma simu. Nigiri Wajapani wenyewe wanakulanga na mkono. Hiyo tangawizi ya pinki ni ya kusafisha mdomo kati ya kipande na kipande, usiitandaze juu ka kachumbari. Na ile kitu ya kijani inachoma pua, mara nyingi si hata wasabi ya ukweli, ni mzizi mwingine umepakwa rangi.

Chunga saa. Kwa joint nyingi chenye inahesabika ni dakika weita ameingiza oda kwa mashine, si dakika umeinua mkono. Saa sita kasoro mbili, weita ako na meza nne zinamwita, na ya kwako inaingia saa sita na moja. Bei imerudi ya wadosi. Itisha mapema, na bili ikikuja isome yote kabla utoe M-Pesa, hasa yale maandishi madogo ya service charge.

Machali, slipasi wacheni kwa nyumba, baunsa anaanzanga na miguu. Ndai pia iwache, mchange pesa ya Bolt na mbogi, juu alcoblow Waiyaki Way haina ofa.