Mashine kuukuu za karakana: Faida au hasara imo kwenye waya

MNUNUZI wa drili, grenda au msumeno wa umeme wa mitumba hutazama kwanza jina la kiwanda, kisha bei. Kinachoamua kama fedha yake itarudi ni waya, ambao wengi huukagua mwisho, mashine ikiwa tayari nyumbani.

Kwa mfano, mfanyabiashara anayenunua mashine 10 kwa Sh. 80,000 kila moja, akaongeza Sh. 15,000 za waya, plagi na fyuzi, na kuziuza kwa Sh. 120,000, anabaki na Sh. 25,000 kwa kila mashine. Mota moja ikiungua anapoteza Sh. 95,000, yaani faida ya karibu mashine nne.

Kitu cha kwanza ni kusoma kibati cha mashine. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine nyingi za wajenzi wa Uingereza ni za volti 110 na huwa na plagi ya njano. Za Marekani ni za volti 120, mizunguko 60. Kubadili plagi hakubadili mota. Ikipewa umeme mara mbili ya ule iliotengenezewa, itaungua. Mashine hizo zinahitaji transfoma, na gharama yake iingizwe kwenye hesabu kabla ya kupatana bei.

Mota za kaboni, kama za drili na grenda, hazisumbuliwi na tofauti ya mizunguko. Mota zisizo na kaboni, ambazo huonekana kwenye misumeno ya meza ya Kimarekani, hupungua mwendo kwa moja ya sita: mizunguko 1,725 kwa dakika hushuka hadi 1,425 hivi, na mota hupata joto zaidi. Kibati kikiandikwa 115/230, fundi anaweza kubadili viungo vya ndani ili mota ipokee volti 230.

Jambo la pili ni rangi za waya. Kwenye mashine za kisasa zinazofuata utaratibu wa Ulaya, kahawia ni waya wa moto, buluu ni niutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Mashine za zamani za Uingereza zilitumia nyekundu kwa moto na nyeusi kwa niutro. Kwa Wamarekani, nyeusi ndiyo moto na nyeupe ni niutro. Hivyo waya mweusi ule ule una maana mbili zinazopingana. Anayefuata rangi bila kupima kwa mita anaweza kuiacha swichi ikikata niutro tu, na mota ikabaki na umeme hata baada ya kuzimwa.

Mashine ya bodi ya chuma lazima iwe na ethi. Yenye alama ya mraba ndani ya mraba hutumia nyaya mbili tu, wala haihitaji ethi. Ya chuma yenye nyaya mbili na isiyo na alama hiyo isiwashwe kabla fundi hajaikagua.

Unene wa waya hupatikana kwa kugawa wati kwa volti. Msumeno wa wati 1,500 hutumia ampea 6.5. Waya wa milimita za mraba 0.75 hubeba ampea 6 tu, kwa hiyo utapata moto. Unaofaa ni wa 1.0 au 1.5. Fyuzi ya plagi iwe ya ampea 3 kwa mashine zisizozidi wati 700, na 13 kwa kubwa zaidi.

Kazi ikiisha, fundi apime uimara wa kihami kwa mita ya volti 500. Mashine ya ethi isipungue megaomu 1, ya mraba ndani ya mraba isipungue 2. Muuzaji anayeonyesha kipimo hicho mbele ya mteja ana sababu ya kudai bei nzuri. Asiyekuwa nacho anauza kwa bahati, na bahati hiyo ikigeuka, anayeguswa na umeme ni mteja.